Waliniuliza Nani Hunisaidia

Katumba Songwe, Kyela
12 Julai 1998

Mdogo wangu Andongwisye,

Ugonile? Mimi na wapwa zako tunapumua, hilo nakuambia kwanza ili mengine uyasome ukiwa umekaa. Ikupa amenifikia begani. Gwamaka ameng'oka meno ya mbele, akicheka utadhani babu. Je, wewe na wifi yangu Veronika? Tangu Pasaka sijauona mwandiko wako. Najisemea labda posta, labda kazi imekuwa nyingi kiwandani, labda magari hayapandi mlima Kitonga.

Mafuriko utakuwa umeyasikia redioni. Mpunga ulikuwa unatoa masuke ndipo maji yakaja yakaulaza wote, na yalipoondoka yaliacha tope linalonuka samaki. Nyumba yangu ilianguka upande wa jikoni. Tulilala kanisani pamoja na nusu ya kijiji, kisha nikarudi kuiegemeza kwa mianzi. Watu hatukupoteza. Kuku walikwenda.

Sasa sikia jambo lililonifanya nitafute kalamu. Walikuja wageni wa shirika moja la makanisa, wakatuandika majina, tukajua ni mahindi kama miaka yote. Tukaenda na magunia matupu. Kumbe ni fedha! Mama mmoja wa kwao, mtu wa Iringa, akasimama akasema, "Fedha hizi ni zenu. Mtanunua mnachokiona ninyi. Hatutarudi kuuliza mmenunua nini. Tutaleta mara mbili nyingine, basi." Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na tutalipa lini?" Akaambiwa hakuna kulipa. Mzee akafikiri, akauliza tena, "Na kura ni lini?"

Tulicheka mpaka yule mama naye akacheka. Lakini dukani hawakucheka. Kabla hatujatoka pale sukari ilikuwa imeshapanda bei.

Wamezitia mikononi mwa kinamama. Nilirudi nazo nyumbani nikazunguka nyumba, nikakaa, nikasimama, nikazunguka tena. Sijawahi kushika fedha isiyo na mwenyewe, Andongwisye. Ya mpunga ina mwenyewe anayekudai kabla hujavuna. Ya kibarua mwenyewe ni mgongo wako. Hii ilikuwa kama mtoto wa watu aliyeachwa mlangoni: unamtazama, unangoja mama yake atokee.

Kuhusu kule kwa baba, shambani kwako, mvua ilikuwa kubwa mwaka huu, kama nilivyosema. Nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Mpe Veronika mkono wangu.

Dada yako,
Keziya

* * *

Kihonda, Morogoro
9 Agosti 1998

Kwa Dada Keziya,

Heshima yako dada. Barua yako ya tarehe 12 Julai nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Poleni kwa mafuriko. Kwa upande wetu afya si mbaya. Veronika amekwenda Matombo kuwasalimu wazazi wake, lakini akirudi salamu zako atazipata.

Sasa niseme lililonikera, na usinielewe vibaya. Wewe ni binti wa mtu aliyejulikana. Una ndugu wa kiume, mzima, mwenye kazi. Leo jina lako limeandikwa kwenye orodha ya maskini na kijiji kizima kimekuona umepanga foleni ya kupewa. Watu watasema nini? Watasema Andongwisye yuko Morogoro anakula, dada yake analelewa na wageni. Naomba uende kwa hao watu, uwashukuru kwa adabu, uwaambie wakufute. Kama fedha zangu zimechelewa ni kwa sababu ya utaratibu mpya wa malipo huku kiwandani, si kwamba nimekusahau.

La pili, shamba. Umesema utaniandikia na hukuandika. Nimekuwa nikilifikiria. Wanasema kakao sasa inanunuliwa na matajiri binafsi wanaokuja na magari yao, bei si kama ile ya ushirika. Nataka upande wa juu, karibu na kaburi la baba, uniandalie mashimo ya kakao. Upande wa mtoni ubaki mpunga. Ninaweza kuja wakati wowote nikapanda mwenyewe. Nijibu hilo.

Halafu usitumie tena sanduku la posta la kiwandani. Tumia la usharika wetu, nimeliandika nyuma ya bahasha. Wanabadilisha mambo pale ofisini.

Ndimi mdogo wako,
Andongwisye

* * *

Katumba Songwe
30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na hasira yako imefika ikiwa bado ya moto. Ikupa anakuamkia. Gwamaka anauliza Morogoro kuna mto? Nimemwambia mjomba atakujibu.

Sitajifuta. Nakuambia mapema ili usingoje. Unauliza watu watasema nini. Watu walishasema, tena mimi mwenyewe nikiwasikia nikiwa nimeinama kwenye mashamba yao. Hilo la kupanga foleni lilikuwa jepesi kuliko la kuinama.

Nikuambie fedha zile zimefanya nini, ingawa hakuna anayeniuliza. Tumekula, wanangu na mimi, asubuhi na jioni, mpaka Ikupa akaacha kusinzia darasani. Nimesimamisha ukuta wa jikoni. Na la tatu ndilo lililoleta maneno: nimekataa kulima kwa shemeji Aliko.

Unajua tangu marehemu mume wangu afe, kila msimu Aliko hutuma mtu: "Mwambie mke wa mdogo wangu kesho tunasafisha mashamba." Naenda, kwa sababu nakaa kwenye kiwanja cha kwao na kwa sababu baadaye nitaomba debe la mpunga. Safari hii mtu alipokuja nilimwuliza, "Siku moja analipa kiasi gani?" Alinitazama kana kwamba nimevua nguo.

Jumapili Aliko akaja mwenyewe, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, zile fedha za nyumba ya mdogo wangu ziko wapi?"

"Hazikuandikwa jina la marehemu," nikamwambia.

"Ardhi unayoikalia ni ya nani?"

"Ya watoto wa mdogo wako."

"Na watoto ni wa nani?"

Kwa desturi yetu hilo analo, watoto ni wa ukoo wa baba. Akainuka, akasema, "Wageni wataondoka, shemeji. Mimi nitakuwa hapa."

Tangu siku hiyo natembeatembea tu. Nikikaa naona kama kuna kitu nimekisahau jikoni. Na Beatrice wa jirani, tuliyelea naye watoto, hanisalimu. Yeye hakuandikwa kwa kuwa nyumba yake haikuanguka. Lakini mpunga wake ulizama kama wangu, na chungu chake nakijua kilivyo. Wageni walihesabu kuta, hawakuhesabu vyungu.

Nisamehe barua imekuwa ndefu. Wifi amesharudi kutoka Matombo?

Dada yako,
Keziya

* * *

Ipyana, Kyela
18 Oktoba 1998

Andongwisye ndugu yangu,

Umenyamaza. Sijui ni hasira au ni ugonjwa. Kama ni hasira andika mstari mmoja tu wa hasira, nitashukuru. Ndaga fijo hata kwa huo.

Umeona nilikoandikia. Tumehama. Aliko alisema nyumba inatakiwa, kijana wake anaoa. Usianze kuwaka: sikufukuzwa, nimeondoka. Kuna tofauti, ingawa mzigo kichwani ni ule ule. Fedha ya pili ilikuwa imekuja, nikaona nikingoja aniambie tarehe nitaondoka nikilia. Nikatangulia.

Nimepata kwa bibi mmoja anaitwa Tusekile. Watoto wake wako Mbeya, hawezi tena kushika jembe. Ana nyumba ndogo nyuma ya yake na ana shamba la mpunga, zuri, maji yanaingia na kutoka. Nimelikodi kwa misimu miwili na nikamlipa yote siku ile ile. Alizishika zile noti akaniuliza, "Mume wako yuko wapi tuandikiane?" Nikamwambia tunaandikiana wewe na mimi, bibi.

Na nusu ya shamba nimempa Beatrice alime. Nilimfuata mwenyewe kwake, nikasimama mlangoni. Nikasema, "Nina shamba kubwa kuliko mikono yangu." Akasema, "Kwa hiyo sasa unataka kibarua?" Nikasema, "Nataka mtu wa kugombana naye huko Ipyana, simjui mtu." Alibaki anatwanga. Kesho yake aliamkia kwangu na jembe begani. Atakuwa anakuja na kurudi mpaka mavuno. Usiku wa mwisho Katumba Songwe alilala kwetu, tukacheka kuhusu yule mwanaume wa kitongoji cha pili aliyechukua fedha za mkewe akapotelea Mbeya wiki nzima, akarudi na redio isiyo na betri. Mkewe amemfungia nje, yeye na redio yake.

Kwa hiyo si kila nyumba imepona. Lakini nataka ujue kwetu kukoje.

Umeniuliza mashimo ya kakao. Sijachimba. Nitakueleza.

Veronika bado yuko Matombo?

Dada yako,
Keziya

* * *

Morogoro
29 Novemba 1998

Keziya,

Sina salamu nyingi leo. Wasalimie watoto.

Nimekutana na Tuntufye, dereva wa malori, yule tuliyesoma naye Katumba Songwe. Alisimamisha gari Msamvu. Tukaongea habari za nyumbani, nikamwambia nataka kurudi kupanda kakao kwa baba. Akanitazama. Akasema, "Kwa baba wapi?" Nikasema kwa baba, mtoni. Akasema, "Kwani dada yako hajakuandikia?"

Keziya! Mto umehama tangu Aprili! Shamba langu halipo! Miezi yote hii nakuuliza nawe unaniambia habari za Beatrice na redio za watu. Nimekuwa nikilala nikipanga mistari ya kakao juu ya maji.

Na akaniambia jingine. Kwamba siku ya kuandikwa wageni waliuliza kila mama mbele ya watu, nani hukusaidia? Wengine walitaja watoto wao walioko mjini, wengine waume. Wewe ukasema, "Hakuna." Ulisema hakuna. Miaka tisa nimekuwa nikituma. Sare za Ikupa nimenunua mimi. Jeneza la mumeo nimechangia mimi. Hakuna?

Sijui niandike nini zaidi. Nimesimama kuandika barua hii kwa sababu nikikaa naichana.

Andongwisye

* * *

Ipyana
17 Januari 1999

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma shambani, nikaikunja, nikalima, nikaifungua tena. Krismasi imepita barua ikiwa kwenye khanga yangu. Tumeshapanda. Watoto ni wazima.

Nitaanza na mto. Maji yalipokuja sikuyaona yakichukua shamba, nilikuwa nawavusha watoto. Yalipopungua nilikwenda kutazama. Unakumbuka Songwe ilipita nyuma ya migomba ya baba. Sasa inapita mbele yake. Sehemu ya mpunga ni mchanga mtupu, na sehemu ya juu, uliyoitaka ya kakao, imebaki ng'ambo. Ng'ambo, Andongwisye. Mto ndio mpaka, kwa hiyo kaburi la baba liko Malawi. Mtu aliyezaliwa hapa, akaoa hapa, asiyetaka hata kwenda Karonga kwenye harusi, sasa amelala nchi ya watu.

Nilikaa kwenye mchanga ule nikijaribu kupanga maneno ya kukuandikia. "Mdogo wangu, shamba lako limehama." Ningeandika hivyo? Nilijua ndilo linalokuweka mjini. Mtu akitukanwa na msimamizi husema moyoni, nina kwetu. Niliogopa kukunyang'anya hilo kwa kalamu. Nikasema nitaandika kesho. Kesho zikawa nyingi. Nimekosa, na sitaki kulipaka asali.

Nilivuka kwa mtumbwi mwezi wa tisa. Watu wa upande ule wamelifagia kaburi bila kuombwa. Mama mmoja aliniambia, "Tulijua kuna wenyewe."

Sasa la wageni. Ndiyo, nilisema hakuna. Yule mama aliniuliza taratibu, nani hukusaidia. Jina lako lilikuwa mdomoni. Lakini tangu Pasaka hakikuja kitu, na watoto walikuwa wamekula maembe mabichi siku mbili. Nilisema kweli ya siku ile, na kweli ya siku ile iliniuma kuisema kuliko ilivyokuuma kuisikia. Ya miaka tisa haijafutika. Iko, na Ikupa anaijua.

Na wewe, ndugu yangu? Tuntufye hupita kote kuwili. Aliyekuambia ya mto ndiye aliyeniambia kwamba hamkukutana Msamvu kama wasafiri. Alikukuta unapakua magunia ya vitunguu, bega limechubuka. Aliniambia kiwanda kiliuzwa, watu wakapunguzwa mwaka jana mwanzoni, wewe ukiwemo. Kumbe "utaratibu mpya wa malipo" ndio huo. Na Veronika amewasalimu wazazi wake tangu Agosti hamalizi?

Sikuandiki kukusuta. Tumefichana kitu kile kile: mimi nilificha kwamba huna pa kurudi, wewe ukaficha kwamba huna pa kukaa.

Fedha ya tatu imekuja, ya mwisho. Sehemu nimelipa ng'ombe wa kulima. Sehemu nimempa Tuntufye akuletee, iko ndani ya shuka jipya. Ni nauli. Shamba la Ipyana si lako wala si langu, ni la kukodi, lakini lina kazi kuliko mikono iliyopo.

Dada yako,
Keziya

* * *

Morogoro
7 Machi 1999

Dada yangu Keziya,

Nakuamkia kwa heshima yote. Najua umeangalia kila basi. Sikuja, na nitakuambia kwa nini, maana nimechoka kuandika barua zenye mashimo.

Ni kweli yote. Siku walipotusomea majina uwanjani, nililikuta la kwangu nikatoka na kikombe changu cha chai tu. Veronika nilimficha mwezi mzima. Naondoka asubuhi nimevaa sare, nashinda nikizunguka mji, narudi jioni nimechoka kweli kweli, maana kuzunguka kunachosha kuliko kufuma nguo kiwandani. Aliponigundua hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia, ningeuza hata vitumbua." Nikamjibu vibaya, neno ambalo siwezi kuliandika kwa dada yangu. Akafunga nguo zake.

Tuntufye alinipa shuka. Niliposhika lile fundo ndani yake nilijua ni nini kabla ya kufungua, nikakaa chini pale pale kati ya magari. Asubuhi nilikwenda kukata tiketi ya Mbeya. Nilifika mpaka dirishani, Keziya. Karani akaniuliza, "Mmoja?" Nikazirudisha noti mfukoni. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunisukuma.

Nikaenda Matombo. Nauli yako imeishia huko: gari ya kupanda mlimani, kilo ya sukari na kitenge cha mama mkwe, maana mtu hawezi kwenda mikono mitupu. Baba mkwe alinikalisha nje tangu asubuhi bila kunisemesha. Jua lilipofika utosini ndipo akaja.

"Umekuja kumchukua umpeleke wapi?"

"Kyela, baba."

"Kyela una nini?"

Nilitaka kusema shamba. Miaka yote nilikuwa na jibu hilo. Nikasema, "Nina dada yangu."

Akaniangalia sana. "Ana nini huyo dada?"

"Amekodi shamba, baba. Yeye mwenyewe."

Akamwita Veronika. Hatukurudi siku ile wala wiki ile. Nilimlimia mzee mpaka aliporidhika. Sasa tuko Morogoro wote wawili, Veronika anapika vitumbua, mimi niko kwenye vitunguu, na hatuna nauli hata ya mmoja. Ulinitumia nije, nimekula nauli nikiwa naelekea upande mwingine. Kama utakasirika una haki.

Mdogo wako,
Andongwisye

* * *

Ipyana
28 Machi 1999

Mdogo wangu, na wewe wifi yangu Veronika, maana najua unasoma juu ya bega lake,

Salamu zetu zote. Mvua inapiga na nakuandikia nikisikiliza kila inapoongeza nguvu. Tangu mwaka jana sote tumekuwa na masikio ya sungura. Bibi Tusekile ana homa lakini anatukana, kwa hiyo atapona. Palizi imeisha. Mpunga umefika kiunoni.

Nauli uliyoipeleka Matombo uliipeleka mahali pake. Na hata ungeinywa pombe ya kimpumu nisingekuuliza. Mimi nilipewa bila kuulizwa, Andongwisye, na nikuambie jambo hilo lilivyo: kwanza linatisha, halafu ndipo unajitazama na kujiuliza mwenyewe, kwa ukali kuliko ambavyo mtu yeyote angekuuliza.

Sina nyingine ya kutuma. Wageni wamekwisha kuondoka, kama Aliko alivyosema. Hilo alilijua. Asilolijua ni kwamba mtu akishakula shibe msimu mmoja, hainami tena kwa namna ile ile.

Juzi alikuja Ambrose, mnunuzi wa mpunga, na gari yake ya wazi. Unamjua, ndiye hununua njuti kila mwaka, mpunga ungali kijani, kwa bei ya kumwonea huruma mkulima. Miaka yote amenunua wangu mwezi wa pili, wakati watoto hawana kitu na nimeshika tama. Akasimama kando ya shamba akatabasamu.

"Mama Ikupa, umehamia huku hukuniaga! Njaa ya mwaka huu si mchezo. Nikusaidie mapema?"

"Umechelewa," nikasema.

"Umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu."

Hakuelewa. Akatoa fedha akazihesabu mbele yangu ili nizione. Akaongeza. Beatrice alikuwa pembeni na jembe, akaniangalia, maana kwake chungu kimeanza kuwa chepesi na kwangu pia. Nikamwambia Ambrose, "Uje mwezi wa sita, ukute umeanikwa. Tutazungumza nikiwa nimesimama." Alicheka, akasema mwezi wa sita bei itaporomoka, nitamlilia. Huenda. Tangu aondoke sijatulia, naamka natazama mbingu, natazama Songwe ilipo. Yanaweza kuja maji tena. Nikalala njaa na majuto. Lakini mpunga umesimama shambani ukiwa wangu mpaka leo, na leo ni siku moja ambayo sijawahi kuwa nayo.

Njooni mkiweza. Msipoweza, andikeni.

Dada yenu,
Keziya

* * *

Morogoro
30 Mei 1999

Dada Keziya,

Shikamoo dada. Veronika anakupa mkono. Tuko wazima, tumekonda kidogo.

Haraka haraka. Veronika ameuza cherehani yake. Nilimkatalia, akaniambia, "Sikukuomba ruhusa, nakuarifu." Sijui amejifunza wapi, nadhani kwenye barua zako. Tuntufye atatubeba bure mpaka Mbeya kwenye lori, wiki ya tatu ya Juni, na kutoka Mbeya tutapanda basi.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenikosesha raha tangu juzi. Nilikuwa namweleza Veronika njia. Nikamwambia tutashuka Kyela, tutashika njia ya Katumba Songwe, tutapita kwa mwalimu, tutaona migomba ya baba. Njia yote niliyokuwa nayo kichwani inakwenda mahali pasipokuwepo. Nina miaka thelathini na sita na sijui nyumbani kwa dada yangu ni wapi.

Nielekeze.

Andongwisye

* * *

Ipyana
10 Juni 1999

Mdogo wangu,

Nawaamkia wote wawili. Barua hii nampa dereva wa basi la Mbeya aiache kwa binamu yetu Asajile pale Mwanjelwa, sokoni anakouza ndizi. Nimemwagiza Tuntufye awapitishe kwake kwanza.

Msishuke Tukuyu hata mkisikia harufu ya ndizi imeanza. Watu wengi hushuka kwa furaha wakakosa basi jingine. Shukeni Kyela stendi. Vijana wa baiskeli watakuvamieni, wanataka kumpakia kila mtu. Mpandishe Veronika na mizigo, wewe tembea, utahitaji kunyoosha miguu. Waambie Ipyana, njia ya mashamba, si barabara kubwa. Mtapita kakao za watu, zina kivuli kizuri, kisha mtatokea penye uwazi na mtaona mpunga pande zote, umekuwa wa rangi ya mkate. Mwaka huu maji yalikuja mpaka kwenye tuta, yakasimama, yakarudi. Bei sijui. Ambrose amepita mara mbili na hajacheka.

Hapo penye uwazi ulizeni. Usiulize mke wa marehemu, huku hawamjui marehemu. Usiulize shemeji yake Aliko. Na usijitaje wewe kwamba natafuta dada yangu, mimi ni Andongwisye, watakutazama tu. Uliza kwa Keziya. Mtoto yeyote atakuonyesha.

Mkikuta mlango umefungwa msikae kwenye kigoda kama wageni. Uji uko chunguni, kunyweni. Miundu miwili nimeiacha kwenye paa la jiko, ya kwako na ya wifi. Piteni nyuma ya nyumba, fuateni sauti. Mimi na Beatrice tukivuna hatujui kunyamaza.

Keziya